Sauti ya Kuazima

Sehemu ya kumi na moja

Najua mmenikasirikia. Wiki nzima nimemwacha yule binti amepiga magoti sakafuni, pini nne mdomoni, mkono umeshika pindo la gauni la mama yake mdogo, na spika zinaimba. Basi hata yeye magoti yanamuuma. Tumwinue.

Kwa wewe uliyechelewa kujiunga nasi: binti huyu watu wote wanamwita Pini, kwa sababu ukimkuta kazini hawezi hata kuitikia salamu, mdomo umejaa pini. Kazi yake ni kuwavalisha wasanii. Muda unaobaki anatunga na kuimba nyimbo zake mwenyewe, bila lebo, bila meneja, bila wa kumshika mkono. Mama yake mdogo ndiye Chiriku, mwimbaji ambaye kwa miaka ishirini redio hazijapitisha siku bila kupiga wimbo wake. Leo wako kwenye ghala la kukodi, wanapiga picha za video ya wimbo mpya wa Chiriku, na wimbo wenyewe ndiyo kwanza umefunguliwa.

Sauti inayotoka kwenye spika si ya Chiriku. Ni ya Pini.

Mwanzoni hakuamini masikio yake. Sauti zao zinafanana, ukoo ni mmoja, hilo linajulikana. Lakini ulipofika ubeti wa pili, "Nyumba ina funguo mbili, moja umeondoka nayo," akaisikia pumzi. Pumzi fupi, kabla ya neno "moja." Aliivuta vibaya kwa sababu vumbi la makoti lilimwingia puani. Mistari ile aliiimba miezi miwili iliyopita ndani ya stoo ya nguo, amejibanza katikati ya makoti ya sufu, maana makoti humeza mwangwi na yeye hana studio.

Ilikuwa sauti ya mwongozo tu. Wenye kazi hii wanaijua: mtu mwingine anaimba wimbo wote kwanza ili mwimbaji mwenyewe ajifunzie, na mwimbaji akishaingiza sauti yake, ile ya mwongozo inafutwa. Haiendi popote. Pini amekuwa akimwimbia mama yake mdogo sauti za mwongozo tangu ana miaka kumi na sita, na zote zilifutwa.

Hii haikufutwa.

Mkono ukamteleza. Pini ikazama kwenye kifundo cha mguu cha Chiriku.

Chiriku hakulia wala hakuguna. Aliuma meno tu, akaendelea kuchezesha midomo mbele ya kamera, maneno ya Pini yakitoka kwenye spika na midomo ikicheza kwake yeye.

"Kata!" mwongozaji wa video akapiga kelele. "Mama kafanya nini? Mbona uso umekunjamana?"

"Ni mimi," Pini akasema, akitemea pini kiganjani. "Nimemchoma. Samahani."

"Samahani haishoni nguo, dada. Haya, wote, dakika kumi!"

Chiriku akamtazama kutoka juu. Wiki sita sasa alikuwa hasemi, anaandika kwenye simu yake kwamba anapumzisha sauti, na watu walimheshimu kwa hilo. Akageuka na kwenda zake kwenye chumba cha kuvalia, shingo imenyooka ndani ya ile kola ndefu ambayo nusu ya wasichana wa mji huu sasa wanaishona.

Pini alipoinuka akagongana na Baba Mdogo. Huyu ni mume wa Chiriku na ndiye meneja wake. Alikuwa na simu mkononi na meno yote nje.

"Umesikia kitu hicho, mwanangu? Nimerusha nusu dakika tu mtandaoni, watu wamepagawa. Wanasema Chiriku kazaliwa upya!"

"Baba, huyo anayeimba ni..."

"Ni nani?"

Tabasamu lilibaki palepale, ila macho yalibadilika. Wapiga picha, wacheza shoo na wapaka vipodozi, wote walikuwa wamesimama hatua mbili kutoka pale.

"Malizia, mwanangu. Ni nani anayeimba?"

Pini akameza maneno. Nisimfiche mtu: hapo niliwahi kumdharau. Sasa mwenzenu nimeshajua yaliyofuata, na simdharau tena.

Akaenda moja kwa moja kwa Fundi.

Fundi ndiye mwenye mitambo ya sauti. Ndiye aliyerekodi nyimbo sita za Pini, Jumapili kwa Jumapili, miaka miwili mfululizo, kwa sababu aliamini siku moja atajivunia kusema "mimi nilikuwepo." Alikuwa kwenye kona anakunja nyaya ambazo hazikuhitaji kukunjwa.

"Umeniuza," Pini akamwambia.

"Sijakuuza."

"Basi umenigawa bure, ni vibaya zaidi."

"Shusha sauti."

"Ipi? Ile iliyoko kwenye spika?"

Fundi akaziacha nyaya. Alimvalisha spika za masikioni, akafungua kompyuta, akatafuta, akabonyeza.

Pini akasikia muziki ule ule. Kisha akasikia mtu anajaribu kuimba. Sauti ilikwaruza kama kiti kinachoburutwa sakafuni, ikapanda kidogo, ikakatika. Muziki ukaendelea peke yake. Kisha, kwa mbali, akamsikia mama yake mdogo akilia.

"Alikuja studio mara tatu," Fundi akasema. "Zote ziko hivyo. Hiyo ndiyo nzuri kuliko zote."

Pini akavua spika taratibu. "Ana nini?"

"Mimi nimeapishwa. Kamuulize mwenyewe."

"Fundi, nina nyimbo sita. Sita tu, sina kingine duniani. Watu wakishaijua sauti hii kuwa ni ya Chiriku, mimi nitaimba na nini?"

Kijana wa watu akatazama viatu vyake. Lilikuwa swali la haki. Mwishowe akasema, "Sauti yako mbichi ninayo, pamoja na tarehe yake. Ukiniambia toa, naitoa leo hii, hata wakininyima kazi mji mzima."

"Kaa nayo karibu," Pini akasema.

Akaingia chumba cha kuvalia, akakomea mlango.

Chumba chenyewe kilikuwa stoo iliyowekwa kioo. Taa sita zilizunguka kioo hicho, mbili zimeungua. Kushoto kulikuwa na fremu ya magurudumu iliyojaa magauni ndani ya mifuko, kulia pasi ya mvuke iliyokuwa bado inatoa joto. Chiriku alikuwa ameketi kwenye kigoda, mgongo kwa mlango, anamsubiri.

"Mama," Pini akaanza, na hasira zikamjia zote kwa pamoja. "Ungeniomba! Ungeniambia tu, Pini, nipe. Lini umewahi kuniomba kitu nikakunyima? Miaka kumi na tano yote nimekuwa nyuma yako na pasi na sindano, naziba unapochanika, nacheka watu wakikusifia nguo niliyokesha nayo mimi. Sijawahi kudai. Hiki kimoja tu kilikuwa changu. Kimoja, mama!"

Chiriku hakugeuka. Aliinua mkono, akagusa nyuma ya shingo yake, kwenye vifungo vya kola.

"Sikufungui. Niangalie kwanza!"

Mkono ukabaki palepale, kwenye vifungo.

Pini akasonya. Lakini mkono wa mvalishaji haujui kugoma, na kabla hajaamua alikuwa ameshafungua kifungo cha kwanza, cha pili, cha tatu. Vilikuwa kumi na viwili, vidogo, vya kuvikwa kitambaa, alivishona mwenyewe. Kola ikaachia.

Chini ya sikio la kushoto palikuwa na uvimbe wa kutosha kiganja. Ngozi yake ilikuwa imevutika na kung'aa, na juu yake palikuwa na alama za wino, mistari ile ambayo madaktari huchora.

Pini akafa ganzi.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana jambo hili ni la watu wa nguo na wengine hawawezi kulikosea namna hii. Mvalishaji ana daftari la vipimo, na ana sheria moja asiyofundishwa na mtu: mteja akinenepa, humwambii. Hutaji namba. Unarudi nyumbani, unatoa mshono, unaleta nguo inamkaa, mnasifiana, basi. Ndiyo adabu ya kazi. Aliyeivunja sheria hiyo mbele ya msanii mkubwa alikula jeuri yake.

Pini akalichukua daftari kwenye mkoba wake wa kazi, akalifungua. Shingo, mwezi wa pili: thelathini na tatu. Mwezi wa tatu: thelathini na nne. Mwezi wa tano: thelathini na tano na nusu. Wiki iliyopita: thelathini na saba. Na kiuno? Kiuno kilikuwa kinapungua mwezi hadi mwezi, na yeye alikuwa amekaa anasema moyoni, mama kajinyima chakula kwa ajili ya video, safi sana.

Mtu gani ananenepa shingo peke yake?

Mara tatu alitoa mshono wa kola, na Baba Mdogo ndiye aliyekuwa akimfunga vifungo. Mara nne alizungushia futi mahali pale pale, juu ya kitambaa chepesi ambacho Chiriku hakukivua tena, akaandika namba, akanyamaza. Tena Chiriku alipoomba kola zipandishwe juu, Pini alidhani ni mtindo. Aliupenda. Alihojiwa gazetini kuhusu huo mtindo, akasema ni ubunifu wake.

"Ngapi?" Chiriku akanong'ona.

Ilikuwa mara ya kwanza Pini kusikia neno kutoka kwake kwa wiki sita. Halikuwa neno, ilikuwa hewa iliyokwaruzwa.

"Usiongee, mama. Andika."

"Ngapi?"

"Thelathini na saba."

Chiriku akatikisa kichwa kama anayehesabu. Kisha akasema, akipumzika baada ya kila neno, "Kila ulipotoa mshono... nilisema... leo ataniuliza."

Jamani, Pini alilia. Alilia akiwa amesimama, daftari kifuani, bila hata kujifunika uso. Chiriku akamvuta, akamkalisha sakafuni, akamwekea kichwa mapajani juu ya lile gauni la hariri, machozi na wanja vikalala juu ya kitambaa na hakuna aliyejali.

Mengine aliyaandika kwenye simu, na Pini akayasoma kupitia machozi. Jumatatu anaingia chumba cha upasuaji. Wanaondoa kisanduku chote cha sauti kilichoko kooni, wanamwachia tundu la kupumulia shingoni. Hataimba tena na hataongea tena. Daktari alimkataza hata kunong'ona. Mumewe anajua, Fundi anajua, basi.

Akaandika tena: *Nilitaka niage watu nikiwa naimba. Si nikiwa nahurumiwa. Nilikwenda mara tatu ikakataa. Nikaifungua yako nijifunze. Nikasikia kama ni mimi wa zamani. Nisamehe. Nipe huu mmoja.*

Kumbukeni huyu ni nani kwa Pini. Mama mzazi alipofariki, Pini ana miaka tisa, ni huyu aliyeacha ziara ya kuimba katikati na kurudi kumchukua. Miezi minne alilala sakafuni kando ya kitanda cha mtoto, kwa sababu mtoto aliogopa kuamka akakuta hakuna mtu. Hajawahi kuitaja hata siku moja.

Pini akajifuta uso kwa mgongo wa mkono.

"Huu mmoja," akasema. "Huu tu. Ukishapona kidonda, unaandika ukweli kwa mkono wako, watu wote wasome kwamba sauti ni yangu. Kwa sababu mimi pia nataka kuishi, mama."

Chiriku akaweka kiganja kifuani. Alikuwa amekubali.

Kama hadithi ingekuwa yangu ningeishia hapo, tulie, tufute machozi, kila mtu arudi kwake. Lakini simu ya Pini ikaanza kutetemeka mezani. Ikatetemeka tena. Haikunyamaza.

Saa nane na nusu.

"Mungu wangu," Pini akasema. "Wimbo wangu!"

Wiki mbili zilizopita, yeye mwenyewe, kwa mkono wake, alikuwa ameupangia wimbo wake wa kwanza ujitoe mtandaoni Ijumaa ya leo, saa nane kamili mchana. Baada ya hapo alikuwa akishona usiku na mchana, ukamtoka kichwani. Ulikuwa umetoka. Dakika thelathini nzima ulikuwa nje, nyuma ya ile nusu dakika ya Baba Mdogo iliyokwisha kuenea kila mahali.

Watu mia nne walikuwa wameandika. Mia nne! Pini hajawahi kuandikiwa na watu mia nne kitu chochote. Akaanza kusoma.

*Huyu dada kammeza Chiriku mzima mzima.*

*Hata pumzi unaiba? Huna aibu.*

*Nilidhani ni Chiriku nikafurahi, kumbe feki.*

*Dogo unajua, ila tafuta sauti yako.*

Alilisoma hilo la mwisho mara mbili. Aliyeliandika hakuwa na ubaya, alitaka kumshauri.

Chiriku alikuwa anasoma pia, juu ya bega lake.

Mlango ukagongwa kwa ngumi. "Fungueni! Mimi hapa."

Pini akakomoa. Baba Mdogo akajirusha ndani, kiganja kimefunika simu, jasho linamtoka.

"Redio," akanong'ona. "Wako hewani, sasa hivi. Wanauliza kama Chiriku anamjua huyu msichana anayemwiga. Wanataka wasikie neno moja kutoka mdomoni kwake, basi waachane naye."

"Waambie anaumwa koo," Pini akasema.

"Nikiwaambia anaumwa koo, swali linalofuata ni nani kaimba. Fikiri!" Akamgeukia mkewe, na hapo sauti yake ikalainika, maana pamoja na yote alimpenda. "Neno moja, mke wangu. 'Simjui.' Unong'one tu, nitasema laini ni mbovu."

Chiriku akaipokea simu. Akamtazama Pini, si mumewe. Akaisogeza mdomoni, na midomo ikajifunga kama ya mtu anayeanza neno "mwanangu." Au labda lilikuwa neno "msichana." Mimi sijui, na Pini mpaka leo hajui.

Hewa ikatoka. Hewa tupu.

Akajaribu tena, mishipa ya shingo ikamsimama pembeni mwa ule uvimbe, uso ukamwiva. Hakukutoka hata mkwaruzo. Madaktari walimpa mpaka Jumatatu. Sauti haikusubiri.

"Haloo?" simu ikasema. "Mama Chiriku? Wasikilizaji wanakusubiri, mama. Hatukusikii."

Baba Mdogo akaichukua simu kutoka mkononi mwa mkewe. Hakuisogeza sikioni kwake. Aliisogeza mdomoni kwa Pini.

Chiriku akatikisa kichwa: hapana. Akatikisa tena kwa nguvu, akaunyoosha mkono kuinyang'anya, na mumewe akaushika mkono ule katikati, kwa upole, akaushusha.

"Haloo? Mama, tukate?"

Pini aliwaza nini pale? Aliwaza nyimbo sita. Aliwaza zile Jumapili, yeye na makoti, miaka miwili. Akamtazama mwanamke aliyekuwa mbele yake, kola imening'inia wazi, mistari ya wino shingoni, mdomo wazi na hakuna kinachotoka.

"Nipo," akasema. "Nawasikia."

"Aaah, mama yetu! Swali ni moja. Unamjua huyu msichana?"

"Simjui," Pini akasema. Lilitoka zuri, zito, limetulia, kama la mtu mwenye miaka ishirini kwenye kazi. "Sijawahi kumsikia. Mwambieni aache."

Chiriku akaanguka magoti. Baba Mdogo akafumba macho.

"Hiyo ndiyo sauti!" mtangazaji akashangilia. "Wasikilizaji, mmeisikia wenyewe, kuna mtu ana shaka tena? Asante, mama. Na usijisumbue kutoka, sisi tumeshaingia humu ghalani, tuko na kamera hapa mlangoni kwako. Rudia maneno hayo hayo, watu wakuone ukiyasema."

Komeo lilikuwa limefunguliwa tangu Baba Mdogo alipoingia. Wote watatu wakageuka, wakaona kitasa kinashuka.